Kupima ustadi wa wauguzi kuweka kanula kwa ultrasaundi: tunapima nini hasa?

MkufunziVena

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wanaosimamia mafunzo ya kuweka kanula za pembeni (mirija laini ya plastiki inayoingizwa kwenye vena za mkono) kwa kuongozwa na ultrasaundi, hasa kwa wagonjwa ambao vena zao hazionekani kwa jicho wala hazishikiki kwa vidole. Utaratibu uliozoeleka ni nadharia asubuhi, modeli (nyama ya bandia ya kujifunzia) mchana, kisha muuguzi afikishe idadi fulani ya kanula zilizoingia mbele ya msimamizi. Fomu inasainiwa, anaachiwa. Nadai kwamba hesabu hiyo peke yake haitoshi, na mara nyingine inatudanganya kabisa.

Tazama kinachotokea kwenye mkato wa kukingama, ule ambao vena inaonekana kama duara. Probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa juu ya ngozi, inaionyesha sindano mahali pamoja tu. Nukta nyeupe kwenye skrini inaweza kuwa ncha. Inaweza pia kuwa kiwiliwili cha sindano, huku ncha imeshatangulia sentimita nzima na kutoboa ukuta wa nyuma. Muuguzi anaona nukta katikati ya duara, anasukuma, damu hairudi, anavuta nyuma kidogo, damu inarudi, anatelezesha kanula. Imeingia, fomu inasema amefaulu. Lakini ncha ilipokuwa hakupajua. Vena ile ingekuwa ya brakia, iliyolala ubavuni mwa ateri na neva ya mediani, mwendo huo huo wa mkono ungemfikisha pabaya.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtathmini liwe hili: kila sindano iliposogea, alijua ncha iko wapi?

Fomu ninayoipendekeza ina orodha hakiki ya hatua (amefanya, hakufanya), mizani ya jumla ya alama 1 hadi 5, na makosa yanayosimamisha zoezi papo hapo. Orodha peke yake ina udhaifu: aliyekariri hatua huzipata zote huku mikono ikisitasita, na mzoefu hupoteza alama kwa kuruka kitu ambacho hakukihitaji. Kipimo cha OSATS kilichobuniwa Toronto miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa upasuaji kiliviweka vyote viwili pamoja, na mizani ya jumla ndiyo iliyowatenganisha vizuri zaidi wageni na wazoefu. Naomba michango.

Sista_Wodini

Mleta uzi, asante. Tuwekee hizo hatua zenyewe. "Ameandaa vifaa" ni sentensi ambayo kila mtu anaipata.

MkufunziVena

Kweli, dada. Kipengele kizuri ni kile ambacho watu wawili wakikitazama hawawezi kubishana.

Kabla ya kugusa sindano: amechagua probu bapa ya masafa ya juu, ameweka kina cha picha sentimita 2 hadi 3, si 6, maana kwenye picha ya kina kikubwa vena ya milimita 4 inakuwa chembe, amegusa ukingo mmoja wa probu kwa kidole na kuthibitisha kwamba kushoto kwa skrini ni kushoto kwake. Hilo la mwisho huchukua sekunde mbili, na likiachwa sindano inakimbia upande usiotakiwa kila anapojaribu kuirekebisha.

Kisha uchunguzi wa mkono mzima. Ameanza na kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kabla ya kupanda juu ya kiwiko. Amebonyeza kila vena hadi ikafumba: vena inafumba kwa mbonyeo mdogo, ateri inakaidi na kudunda, na vena isiyofumba ina damu iliyoganda, hivyo haifai. Amepitisha probu kufuata vena kwa urefu ili ajue inanyooka au inapinda, na kama kuna vali au tawi mbele. Ameitambua neva, ule muundo wenye vitundu kama sega la nyuki. Penye shaka ametumia rangi ya Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu. Halafu, na hapa wengi huteleza, amesema kwa sauti kina na upana wa vena aliyoichagua pamoja na urefu wa kanula atakayoitumia. Asipotamka, mtathmini hana njia ya kujua kama alichagua au alibahatisha.

ProbuMkononi

Niongeze kwenye kuifuata ncha, maana ndiyo roho ya zoezi.

Kwenye mkato wa kukingama utaratibu ni wa kupokezana. Sindano inaingia hadi ncha ionekane kama nukta. Mkono wa sindano unatulia. Probu inasogezwa mbele milimita 1 au 2 mpaka nukta ipotee. Sasa mkono wa probu unatulia na sindano inasukumwa mpaka nukta irudi. Hivyo hivyo mpaka nukta iwe ndani ya duara jeusi, na iendelee kubaki katikati ya duara kwa sentimita moja hivi ndani ya vena kabla ya kutelezesha kanula. Anayefanya sawasawa utamtambua kwa macho tu, kwa kuwa mikono yake haisogei yote kwa pamoja.

Mtathmini aangalie mambo haya. Nukta ikipotea, anafanya nini? Jibu sahihi ni kusimamisha sindano na kuitafuta kwa probu. Jibu baya, nalo ndilo la kawaida, ni kuendelea kusukuma akitumaini itajitokeza. Pili, ukuta wa juu wa vena unapobonyea kama hema chini ya ncha, je, anajua bado hajaingia? Ncha iko juu ya ukuta, imeusukuma tu. Panahitajika msukumo mfupi wa uhakika, kisha kuhakikisha nukta iko kwenye weusi. Akisukuma polepole mno, ukuta wa juu hugusana na wa chini na sindano hutoboa zote mbili.

Tatu, damu ikirudi kwenye chemba (kile kichupa kidogo nyuma ya sindano) anafanya nini? Ncha ya sindano hutangulia mdomo wa kanula kwa milimita kadhaa. Damu inaweza kurudi wakati kanula yenyewe bado iko nje ya ukuta, na ukiitelezesha hapo inajikunja au inasukuma vena pembeni. Aliyeiva hulaza pembe, husogeza sindano mbele akiitazama nukta, ndipo anatelezesha. Macho yanayohama kutoka kwenye skrini kwenda kwenye chemba mara damu inapoonekana ni dalili ya mtu anayetegemea mbinu ya zamani. Mpe alama 2 kwenye mizani, hata kama kanula imeingia.

Nesi_Usiku

Mkuu, hapo kwenye urefu wa kanula paeleze. Kuna kanula zinaingia vizuri kabisa, salaini inapita, halafu baada ya saa chache mkono umevimba.

ProbuMkononi

Ni hesabu ya pembe tu, dada. Chukua vena ambayo katikati yake ni sentimita 1 chini ya ngozi. Sindano ikiingia kwa nyuzi 45, inasafiri sentimita 1.4 kabla ya kufika. Kanula ya kawaida ya sentimita 3 inabakiza 1.6 ndani ya vena, nusu na kidogo. Ikiwa kina ni sentimita 1.5, safari inakuwa 2.1 na ndani inabaki 0.9, chini ya theluthi. Ukilaza sindano hadi nyuzi 30 tangu mwanzo ni mbaya zaidi: kina cha sentimita 1 kinakula sentimita 2 nzima.

Sasa mgonjwa anakunja mkono, ngozi inasogea, kanula inachomoka kidogo kidogo, dawa inamwagika kwenye nyama. Wakati wa kuweka, kila kitu kilionekana sawa. Lengo liwe theluthi mbili ya kanula ndani ya vena. Kwa kina cha sentimita 1 na nyuzi 45, kanula ya milimita 45 inabakiza sentimita 3.1, karibu asilimia 69. Hiyo inadumu.

Ndiyo maana kutamka kina na urefu kabla ya kuchoma ni kipengele cha mtihani. Mpe mtahiniwa vena ya sentimita 1.5 huku mezani kuna kanula fupi tu. Mwenye kuelewa atatafuta vena nyingine au ataomba kanula ndefu. Anayeendelea kuchoma ameonyesha kwamba anajua kulenga, hajui kuchagua.

Na unene pia: kanula isichukue zaidi ya theluthi moja ya upana wa vena, ili damu ipite pembeni yake. Kanula ya pinki ya geji 20 ina kipenyo cha nje cha milimita 1.1 hivi, kwa hiyo vena iwe milimita 3.3 au zaidi.

TakwimuZaAfya

Nije na upande wa namba. Mleta uzi kasema kuhesabu mafanikio kunadanganya. Tuone kwa kiasi gani. Muuguzi ameweka kanula 10 na zote zimeingia. Kitakwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango chake halisi cha kushindwa bado kinaweza kufika karibu asilimia 26. Kumi kwa kumi inapendeza machoni, ila inaruhusu kosa moja kwa kila wagonjwa wanne.

Njia bora ni chati ya CUSUM, yaani ya jumla limbikizi, ambayo huchorwa mfululizo kwa kila jaribio. Kwanza mnakubaliana ni kiwango gani cha kushindwa kinavumilika na kipi hakivumiliki. Mfano, asilimia 15 inavumilika, 30 haivumiliki, na uwezekano wa kukosea uamuzi ni asilimia 10 kila upande. Kwa masharti hayo, kila mafanikio yanashusha mstari kwa 0.22 na kila kushindwa kunaupandisha kwa 0.78. Mipaka iko 2.48 juu na 2.48 chini. Ukivuka wa chini, umethibitika. Ukivuka wa juu, simama urudi darasani.

Anayepata mfululizo bila kukosa atahitaji mara 12. Akikosa mara moja, 16. Akikosa mara mbili, 21. Na anayekosa nne za kwanza mfululizo anavuka mpaka wa juu hapo hapo. Kwa hiyo hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu. Fomu ya "kanula 10 kisha saini" humwachia mmoja mapema na kumchelewesha mwingine bure.

Sista_Wodini

Hayo ni mazuri, lakini wodi imejaa. Nani ana muda wa kuchora chati?

TakwimuZaAfya

Ni safu moja ya ziada kwenye daftari, dada. Unaandika jumla ya jana, unatoa 0.22 au unajumlisha 0.78. Kazi kubwa ni kukubaliana mapema jaribio moja ni nini. Kila tundu jipya kwenye ngozi ni jaribio. Kugeuza sindano bila kuitoa kwenye ngozi si jaribio jipya, ila liandikwe pembeni, kwa kuwa sindano iliyogeuzwa mara sita chini ya ngozi imeumiza tishu hata kama tundu ni moja. Na mafanikio yawe salaini imepita bila uvimbe. Damu kurudi tu haihesabiki. Msipoyaandika haya, kila msimamizi atahesabu kivyake na chati itakuwa mapambo.

Kina na upana wa vena viandikwe vilevile. Kufaulu kwenye vena ya milimita 6 iliyo nusu sentimita chini ya ngozi hakulingani na kufaulu kwenye ya milimita 3 iliyo sentimita 1.2 chini.

Simulesheni

Nina pingamizi moja. Watu wanashusha hadhi ya modeli. Kwa kutathmini, modeli ina faida ambayo mgonjwa hana: kila mtahiniwa anapata vena ile ile, kina kile kile. Na huwezi kumwachia mtu avuke mpaka wa CUSUM kwa kuwachoma wagonjwa kama hajapita kwenye modeli kwanza.

Wasio na modeli ya kununua waitengeneze kwa jelatini. Gramu 80 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto, koroga taratibu usiingize hewa, engua povu lote juu, kwa sababu kila kiputo kitaonekana cheupe na kutupa kivuli. Laza mirija laini ya mpira iliyojazwa maji na kufungwa ncha zote mbili, mmoja kwa kina cha milimita 5, wa pili 10, wa tatu 15. Mimina kwa awamu mbili ili mirija isielee. Ongeza unga wa nyuzinyuzi usioyeyuka ili picha iwe na chengachenga kama nyama. Jelatini tupu ni nyeusi mno na sindano inang'aa kupita uhalisia. Njia za sindano hubaki zikionekana baada ya michomo kadhaa, na mtahiniwa wa tano atazifuata badala ya kutafuta ncha. Yeyusha upya au geuza upande kati ya watahiniwa.

MkufunziVena

Nakubaliana nawe, Mkuu, kwa mpaka. Modeli haibanwi na uzito wa mkono. Kwa mgonjwa, anayekandamiza probu anaifumba vena yenyewe, kisha analalamika kwamba imetoweka. Mrija wa mpira pia haukimbii pembeni ukiguswa na sindano, na mgonjwa wa modeli hashtuki. Kwa hiyo modeli ipime kufuata ncha, kuelekeza probu na kuchagua pembe. Shinikizo la mkono, usafi, mawasiliano na uamuzi wa kuacha vipimwe kando ya kitanda.

Uamuzi wa kuacha ni muhimu mno. Mtu mmoja asizidishe majaribio mawili kwa mgonjwa mmoja. Anayesema "naomba mwenzangu ajaribu" baada ya la pili apewe alama kamili ya kipengele hicho.

Sista_Usafi

Wakuu, makosa ya kusimamisha zoezi hamjayataja, na usafi mmeupitia juu juu. Jeli ya kwenye chupa kubwa ya kila siku si tasa. Ikiwa karibu na tundu, inaingia pamoja na sindano. Kwenye hatua ya kuchoma iwe jeli tasa ya pakiti moja, na probu iwe imesafishwa kisha kufunikwa kwa kifuniko tasa. Jeli iwe pia ndani ya kifuniko bila kiputo, la sivyo picha inakatika katikati. Ngozi isuguliwe kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo kwenye pombe ya asilimia 70 kwa sekunde 30, iachwe ikauke yenyewe. Mtathmini ahesabu sekunde, asikisie. Kuna wanaosugua vizuri kisha wanarudi kupapasa mahali pale pale kwa kidole.

Ya kusimamisha papo hapo, kwangu ni haya: kugusa eneo lililosafishwa na kuendelea bila kurekebisha, kuchoma bila kuthibitisha kwamba ni vena, kuendelea baada ya mgonjwa kusema anahisi shoti ya umeme kwenda vidoleni, kusukuma salaini huku mpira wa kufunga mkono bado umefungwa, na kuacha sindano kitandani. Lolote likitokea, jumla ya alama haina maana tena.

Jingine: baada ya kuweka, arudishe probu juu ya vena mbele ya ncha ya kanula na kusukuma mililita 5 za salaini akitazama. Weusi wa vena hujaa vimulimuli vinavyopita. Tishu zikivimba kuizunguka, itolewe hapo hapo. Jeli ifutwe yote kabla ya kubandika plasta, kwa sababu plasta juu ya jeli hukaa dakika chache tu.

TakwimuZaAfya

Niguse watathmini wenyewe, maana fomu nzuri mikononi mwa watu wasiokubaliana haisaidii. Wengi hupima kwa asilimia ya makubaliano. Tuseme wawili wametazama maonyesho 20. Wote wamepitisha 18. Mawili yaliyobaki, kila mmoja kafelisha moja ambalo mwenzake kapitisha. Makubaliano ni asilimia 90, inasikika vizuri. Lakini kila mmoja amepitisha 19 kati ya 20, kwa hiyo kwa bahati tupu wangekubaliana asilimia 90.5. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano yanayozidi bahati tupu, inatoka hasi, karibu -0.05. Yaani hakuna mtahiniwa hata mmoja ambaye wote wawili wamemfelisha.

Sababu ni kwamba kundi zima lilikuwa la watu wanaojua. Ukitaka kujua kama watathmini wanatofautisha, wape video mchanganyiko: wageni, wa kati, wazoefu. Irekodi mikono na skrini ya ultrasaundi kwa wakati mmoja na uzioanishe, kwa sababu aliyetazama skrini pekee haoni usafi, na aliyetazama mikono pekee haoni ncha. Uso usionekane na sauti ikatwe, isipokuwa pale anapotamka kina na urefu, ambayo iandikwe chini ya picha. Kisha wakae pamoja wajadili kila kipengele walichotofautiana, waandike upya maneno yake, warudie na video nyingine.

Nesi_Usiku

Na alama ya kupita inatoka wapi? Huwa naona 80 kila mahali.

Simulesheni

80 haina msingi, ni mazoea. Zipo njia mbili zinazotumika sana. Ya Angoff: wazoefu kadhaa wanapitia kila kipengele na kukadiria, katika wauguzi 100 walio kwenye mpaka wa kutosha, wangapi wangekitimiza. Wastani wa makadirio ndio alama ya kupita. Ya pili ni ya makundi mawili: wapime wageni na wazoefu, chora mtawanyo wa alama zao, pale mistari inapokatana ndipo pa kukata. Ya pili inadai watu wengi zaidi, lakini inakuonyesha mara moja kama fomu yako haitofautishi mtu na mtu. Mistari ikilaliana, rudi ukarekebishe fomu kabla ya kumfelisha yeyote.

MkufunziVena

La mwisho kutoka kwangu ni nini kifuate kwa aliyeshindwa, maana kumwambia "rudia" si mafunzo. Fomu ikionyesha alipoteza ncha, arudi kwenye jelatini afanye zoezi la kupokezana mikono pekee, bila kanula, mrija wa milimita 10, mpaka aifuate ncha sentimita 2 ndani bila kuipoteza. Ikionyesha kanula hazidumu, apewe picha za vena zilizopimwa na karatasi ya kukokotoa urefu wa safari, hahitaji kuchoma mtu. Akibana vena, amfunge mwenzake mkono na kutazama vena yake kwa probu, ajifunze kuishika kwa kuegemeza kidole kidogo kwenye ngozi ili uzito ubaki kidoleni. Na anayekata tamaa mapema au kung'ang'ania mno apangwe zamu na mzoefu, atazame vena anazozikataa yule mzoefu, na aandike sababu ya kila moja.

Nimeanza kuandika fomu yenyewe kwa kufuata michango hii. Sista_Usafi, nipe maneno ya vipengele vya jeli na kifuniko jinsi unavyotaka visomeke. TakwimuZaAfya, nahitaji safu ya CUSUM ikae upande gani wa daftari.